Parseli pembeni ya kiwanja cha ndege Goma, ninunue ao niache?

Baba Junior
Bandugu mujambo. Kuna parseli (kipande cha udongo na nyumba yake) banataka kuniuzisha kule kartie Birere, upande piste, ile barabara ya ndege, inaishia, nyumba ya mbao na manjanja (mabati), choo iko, maji ni kwenda kuchota. Bei iko chini sana, karibu nusu ya ile banaomba ku kartie Katoyi. Komisionere, yule dalali, anasema nisiogope, tangu Januari 2025 kiwanja kimefungwa, ndege hazipiti tena juu ya nyumba, watoto banalala muzuri. Bibi yangu amekataa hata kuingia ndani, alibaki barabarani na mwavuli yake. Nisikilize nani?

Fundi wa Zamani
Sikiliza bibi yako. Nilifanya kazi kiwanjani miaka kadhaa. Ndege ikishindwa kupaa, mara nyingi haiendi pembeni, inanyooka mbele, na mbele ndiyo hapo unataka kuweka kitanda. Goma tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndege inapashwa kukimbia sana kabla ya kuinuka. Halafu lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ikafunika upande wa kaskazini wa piste, ikabaki fupi kwa miaka. Aprili 2008 ile DC-9 ya kwenda Kisangani ikashindwa kuruka, ikapita mwisho wa piste ikaingia Birere, abiria wengi wakatoka wazima, wengi waliokufa ni watu waliokuwa chini wanauza vitu vyao. Sheria ya ICAO, shirika la dunia la usafiri wa ndege, inataka mita 60 baada ya piste, kisha mita nyingine 90 zisizo na kitu, na wanashauri zifike 240. Nenda uhesabu hatua kutoka ukuta wa kiwanja mpaka mlango wa hiyo nyumba.

Motari 243
Mzee unaongea vizuri lakini tuende wapi?? Huku ziwa, huku mupaka ya Gisenyi, huku Nyiragongo, na bakimbizi ba vita banaongezeka kila mwaka. Hakuna parseli ya bure Goma. Mimi nimezaliwa chini ya ndege, vikombe vilikuwa vinatetemeka ku meza kila asubuhi, tulizoea.

Mama Furaha
Mutoto yangu, kuzoea si dawa. Mimi ni wa kartie Mapendo. Ile Jumapili, siku ya mungu, ya Novemba 2019 nilikuwa napiga pasi kitambaa cha kanisa, nikasikia mlio si ule wa kila siku, ule ulikuwa unakohoa, halafu kimya, halafu mulipuko. Ndege ndogo ya kwenda Beni. Vijana walikuja na mabeseni na mabido (madumu) ya maji, maji gani inaweza kuzima mafuta ya ndege? Harufu ilibaki ndani ya nguo yangu, ile kitambaa sikuivaa tena. Na hiyo haikukosa piste, ilikuwa imeshainuka.

Fundi wa Zamani
Ni kweli mama. Ndiyo maana ninaposikia watu wanasema Benki ya Dunia ilitoa milioni 52 za dola kutengeneza kiwanja basi yameisha, ninacheka. Piste nzuri haiondoi nyumba zilizo mbele yake.

Chantal K.
Baba Junior uliza karatasi kwanza. Fishi, ile karatasi ya shefu wa avenyu, haitoshi, nenda mwenyewe kadasta, ofisi ya udongo, uliza kama hiyo parseli iko ndani ya eneo la kiwanja, usitume komisionere. Kesho bakisema mubomoe hautapata hata franga ya kulipia chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, ya kuhamisha mbao. Na kufungwa kwa kiwanja si milele, siku kitafunguka ndege zitapita pale pale.

Baba Junior
Asanteni wote. Leo nimerudi na mutoto tukahesabu hatua, zangu si ndefu: 140 kutoka ukuta mpaka mlango. Kadasta nitaenda Jumatatu. Komisionere amepiga simu sasa hivi, anasema mwenye parseli amepunguza tena dola 500.