Uamuzi wa Muruatetu: nani anaweza kuomba adhabu ya kifo isikizwe upya?

Msaidizi_Sheria:
Wadau, naomba tuwekane sawa. Wafungwa wawili Kenya, wote wamehukumiwa kunyongwa. Wa kwanza ni mauaji, rufaa yake bado iko Mahakama ya Rufaa. Wa pili ni wizi wa mabavu: alihukumiwa na hakimu, juzi Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yake. Wote wanataka kuandika ombi la "Muruatetu". Inawezekana?

Kalamu_ya_Korti:
Wa pili hapana. Wa kwanza ndiyo, lakini asiharakishe.

Muruatetu ni uamuzi wa Mahakama ya Juu, ile ya mwisho kabisa Kenya, wa 14 Desemba 2017, nao uliondoa ulazima wa adhabu ya kifo katika kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, yaani mauaji. Adhabu yenyewe haikufutwa. Jaji bado anaweza kuitoa, ila hafungwi mikono tena. Mahakama za chini zilianza kuunyoosha uamuzi huo hadi kwenye wizi wa mabavu, mpaka tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaeleza wazi kwamba ulihusu mauaji tu. Kifungu cha 296(2), cha wizi wa mabavu, hakimo. Magerezani fomu za zamani bado zinanakiliwa kana kwamba 2021 haikufika.

Sasa huyo wa mauaji. Maelekezo ya 2021 yanasema Mahakama Kuu itasikiza ombi la adhabu upya pale tu itakaporidhika kwamba rufaa iliyoko juu imeondolewa. Hapo ndipo watu hujikwaa. Kama anapinga hata kutiwa hatiani, akiondoa rufaa ameitupa hoja hiyo pia. Heri abaki Mahakama ya Rufaa na kuongeza sababu ya kupinga adhabu, kwa kuwa maelekezo hayohayo yanapaswa kufuatwa na mahakama hiyo pia katika rufaa zinazoendelea.

Mzee_wa_Faili:
Kalamu kamaliza hilo. Naongeza kuhusu siku ya kusikizwa: wengi hufika na barua ya kuomba huruma, basi. Mahakama huangalia umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, namna kosa lilivyotendwa, kama alilitenda kwa kujibu ukatili wa kijinsia, majuto, na uwezekano wa kurekebika. Familia ya marehemu nayo husikizwa. Kwa hiyo ombeni mapema ripoti ya afisa wa probesheni, vyeti vya kozi za gerezani, na rekodi ya nidhamu. Andikeni pia tarehe kamili ya kukamatwa: akipewa kifungo cha miaka, kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka muda wa rumande uzingatiwe, na usipotajwa husahaulika.

Msaidizi_Sheria:
Asanteni. Na huyu wa wizi wa mabavu, ndiyo basi?

Kalamu_ya_Korti:
Bado ana rufaa ya pili, Mahakama ya Rufaa, kwa hoja za kisheria tu. Kulalamika kwamba adhabu ni kali mno hakutasikizwa. Kifungu cha 361 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinaihesabu hiyo kuwa hoja ya ukweli. Notisi ya rufaa ni ndani ya siku 14. Zikipita, aambatanishe ombi la kuongezewa muda na barua ya kuomba nakala za mwenendo wa kesi iliyopigwa muhuri wa masjala. Bila muhuri, kusema "nilichelewa kupata nakala" ni maneno matupu.

Kisha soma mwenendo wa kesi ukurasa kwa ukurasa. Je, hakimu alibadilishwa katikati? Kifungu cha 200(3) cha sheria hiyohiyo kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa haki yake ya kuomba mashahidi waitwe tena, na iandikwe. Angalia pia kama lugha ya mkalimani imerekodiwa kila shahidi alipotoa ushahidi. Na ukikuta kasoro, usisherehekee kuachiliwa: mara nyingi mahakama huamuru kesi ianze upya.

Mzee_wa_Faili:
Rufaa hiyo ikishindwa na baadaye ushahidi mpya wenye uzito ukajitokeza, Ibara ya 50(6) ya Katiba inaruhusu kuomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya. Ushahidi uliokuwepo wakati wa kesi na ungeweza kupatikana kwa bidii hauhesabiwi mpya.