Naomba ushauri: kindi wanatoka ukungu kwenye slaidi

Wakuu, naombeni msaada. Napiga picha za kindi na mijusi kwa lenzi ya milimita 300, filamu ya slaidi ISO 100 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga), kamera mkononi. Kivulini asubuhi, hata nikifungua lenzi mpaka mwisho, f/5.6, kipimamwanga kinanipa kasi ya 1/60 ya sekunde tu, wakati lenzi hii inataka walau 1/250 ili mtikisiko wa mkono usionekane. Roli iliyopita masharubu ya kindi yalikuwa ukungu mtupu. Mkia ndio usiseme. Nikilazimisha kasi, slaidi inatoka nyeusi tii, haisamehe kama negativu. Je, nisukume filamu, yaani niipige kana kwamba ni ISO 200 kisha isafishwe kwa muda mrefu zaidi, au ninunue stendi ya mguu mmoja? Flashi sitaki, inawakurupusha. Halafu mijusi: ringi za kurefusha lenzi, zile za kupigia vitu kwa karibu, zitanila mwanga kiasi gani?