Huyu jamaa kafungua kamera yangu mchana kweupe, eti "nahakikisha tu kama ina filamu"

Mkanda_36:

Wakuu, nimetoka relini sasa hivi. Buti zimejaa masizi, mikono inatetemeka, na si baridi.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa kofia ya dereva wa treni ambaye maishani mwake hajaendesha hata toroli. Yule wa lenzi ndefu kuliko behewa. Tukijipanga mstari kupiga picha, yeye hufika wa mwisho na kusimama wa kwanza.

KAFUNGUA MGONGO WA KAMERA YANGU. Jua linawaka, mkanda umo ndani, na mkanda ukipigwa na mwanga umeungua. Akachungulia kama daktari wa meno, akaniambia, "Nilikuwa nahakikisha tu kama ina filamu kweli."

Kama ina filamu kweli!

Na ilikuwa asubuhi ile ya kuombea, baridi ya kufanya mvuke usipotee upesi, unajikunja mweupe juu ya boila na kuganda hapo. Dereva kakubali kurudi nyuma atupitie tena kwa kasi. Mwanga nimepimia kwenye nyasi, maana ukipimia kwenye injini nyeusi mita inakudanganya picha inaungua, ukipimia kwenye mvuke picha inatoka giza. Shata 1/500 ya sekunde. Treni ikaja ardhi ikitikisika, jua likachomoza kwenye wingu, vile vyuma vya kusukuma magurudumu vikawaka kama... hapana, vikawaka tu, basi. Nikabonyeza. Niliipata, wakuu. Mtu ukiipata unajua.

Nikaiweka kamera juu ya begi nikunje stendi. Nasikia kà! Nageuka, kashafungua. "Nahakikisha tu."

Uhakikishe nini wewe? Kamera yako inapiga picha 20 kwa sekunde, treni moja unarudi na picha elfu tisa za taa ya mbele. Mimi nina fremu 36 na roho yangu. Nusura nijitupe tanuruni, au nimtupe yeye, bado naamua. Kama ina filamu KWELI!

Masizi_Mazito: Pole sana mkuu. Huyo huyo alinisimamia mbele ya lenzi treni ikiwa inaingia kwenye kona, akasema "we piga tu, utanifuta baadaye." Nimfute kwa sabuni?

Chumba cha Giza: Usitupe mkanda, kausafishe. Kamera nyingi za mm 35, fremu ulizokwisha kupiga zinajiviringa kwenye kijiti cha upande wa pili. Za mwanzo ziko ndani, zimefunikwa na zilizofuata. Ambazo hujapiga zimo kwenye kikopo, salama. Zilizoungua ni za juu, yaani za mwisho.

Mkanda_36: Za mwisho NDIYO treni! Za mwanzo ni mgongo wake, alikuwa kanisimamia mbele wakati injini inajazwa maji!

Kichwa cha Mvuke: 😂😂 Kateketeza treni, kajibakiza yeye. Huyo si mwanadamu, ni mhariri.

Dizeli_Daima: Mleta uzi nawe, mkanda karne hii? Filamu ya Kodachrome yenyewe iliacha kutengenezwa 2009, wewe unangoja nini?

Mkanda_36: Kodachrome ilikuwa ya rangi. Mimi natumia Tri-X, mkanda wa mm 35 wa nyeusi na nyeupe ulioanza 1954 na mpaka leo unauzwa. Usinitoe kwenye mada. Kafungua KAMERA.

Behewa la Nyuma: Mpiga picha Mmarekani O. Winston Link alipiga treni za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western usiku, 1955 hadi 1960, kwa balbu za mwanga alizounganisha kwa nyaya. Balbu moja ikigoma, zote zinagoma, na treni haisimami kumngoja. Hakufungua uzi.

Masizi_Mazito: Link hakuwahi kupigiwa droni sikioni. Tuongee ukweli, adui ni droni. Unangoja mvuke utulie, kinatokea kidudu katikati ya fremu kinazomea.

Mchochea Moto: Droni afadhali. Mimi niko ndani ya injini na koleo, nyie mko nje mnapiga kelele "moshi mweusi! moshi mweusi!" Moshi mweusi ni makaa ambayo hayajaungua sawasawa. Joto linapotea bure, masizi yanaganda kwenye mirija ya boila. Na mirija hiyo naikwangua mimi.

Kichwa cha Mvuke: Shikamoo mzee. Lakini bila moshi, kwenye picha treni inaonekana imeegeshwa.

Mchochea Moto: Marahaba. Ipigeni imeegeshwa.

Mkanda_36: Jamani, filamu yangu...

Masizi_Mazito: Mzee, na ule moshi wa dakika moja tu? Kwenye mlima tu?

Mchochea Moto: Njoo ushike koleo.

Dizeli_Daima: Hakuna kero kama ya kuweka dizeli nyuma isukume, halafu ya mvuke iko mbele inapiga honi inajifanya ndiyo inavuta. Na nyie mnapiga picha mnafuta machozi.

Behewa la Nyuma: Wewe si ndiye Dizeli_Daima?

Dizeli_Daima: Ndiyo maana naumia. Inasukuma treni nzima peke yake, na kwenye picha mnaikata.