Vyuo vinne vidogo vya afya tunataka mfumo mmoja wa kufundishia, tuanzie wapi?

mkufunzi_wa_baridi

Habari za saa hizi wakuu. Mi ni mkufunzi kwenye chuo cha afya cha binafsi huku Nyanda za Juu Kusini, chuo kidogo tu, wanachuo mia mbili na kitu, tuna Utabibu na Famasia basi. Jirani kuna vyuo vingine vitatu vya saizi hiyo hiyo, wote tunafundisha mtaala ule ule na mitihani ya mwisho ni ile ile inayotoka wizarani. Sasa cha ajabu kila chuo kinahangaika kivyake. Sisi mwaka juzi tuliuziwa mfumo na jamaa mmoja, tukalipa ya mwaka mzima, mwezi wa nne haujaisha mfumo ukazima, jamaa simu hapokei, na maswali yote ya kwizi niliyokesha nayo yakaenda na maji. Jirani mmoja ana kompyuta 30 za msaada zimefunikwa vitambaa kama maiti maana hana mtu wa IT. Mwingine ana mkufunzi hatari sana wa Famakolojia, yaani somo la dawa na zinavyofanya kazi mwilini, yaani wanafunzi wetu wikiendi wanapanda Costa kufuata notisi zake, ila chuoni kwake hata projekta hamna, anachora moyo ubaoni kwa chaki tatu za rangi na unaelewa.

Tulikutana kwenye usahihishaji tukasema kwanini tusiungane tu. Wakuu wa vyuo wamekubali kwa mdomo. Kwaiyo naomba ushauri, seva tuiweke wapi, nani awe analipia, na kuna mtu alishawahi kufanya hii kitu ikadumu? Maana kikaoni mambo huwa matamu, shughuli inaanzaga mwezi wa tatu. Na intaneti ya huku mnaijua, mvua ikipiga radi mbili tu mnara unalala na umeme unaufuata.

fundi_seva

Pole sana mkuu kwa huyo jamaa, wapo wengi. Kwanza msinunue mfumo. Chukueni Moodle, ni programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, ni ya bure, ipo tangu 2002, aliianzisha Martin Dougiamas wa Australia, na vyuo vikuu kibao hapa nchini ndo wanatumia hiyo hiyo wanaipaka rangi tu na kuweka nembo yao. Bure lakini ni programu yenyewe, seva mtalipia na mtu wa kuihudumia mtamlipa, hapo msijidanganye.

Msisimamishe Moodle nne. Moja inatosha, ndani yake kila chuo kinapewa kategoria yake na admini wake anayeona watu wake tu, afu kategoria ya tano ndo ya kozi za pamoja. Kodini seva ya mtandaoni, msiweke kompyuta chini ya meza ya mhasibu mkaiita seva, umeme wenu umesema mwenyewe. RAM ya GB 4 mtaanza nayo bila presha, kitakachowaua ni kwizi, watu mia nne wanabonyeza saa mbili kamili asubuhi kwa pamoja. Pangeni chuo kimoja saa mbili, kingine saa tatu, hamtaona tatizo.

Mawili ya lazima. Jina la mtandao, hilo la .ac.tz, liandikishwe kwa jina la taasisi na barua pepe ya taasisi, sio ya kijana wa IT, maana siku akipata kazi Dodoma anaondoka nalo bila hata kukusudia. Na bekapu. Moodle kila kozi unaweza kuitoa nzima kama faili moja, lina notisi, kwizi, kila kitu, kila Ijumaa kila chuo kishushe mafaili yake kiweke kwenye flashi au hadi disk ya nje. Ungekuwa nalo lile faili yule jamaa hata angehamia mwezini maswali yako ungekuwa nayo.

mama_ukunga

Fundi umeongea vizuri ila umeongea kama mtu wa Dar 😀 Mimi nafundisha uuguzi na ukunga, wanachuo wangu wanakaa geto watu wanne, bando la wiki wananunua kwa kuchangia. Ukimwambia aangalie video ya saa nzima mtandaoni umemwambia alale njaa. Tulijaribu Zoom kipindi fulani, ile ya bure inakata dakika 40, ikirudi nusu ya darasa haijarudi, waliobaki wanasema "mwalimu hatukusikii".

Kilichotusaidia sisi ni kitu cha kishamba kabisa. Mkufunzi anarekodi sauti tu, na PDF ya slaidi zake, kwenye sauti anasema "sasa fungua ukurasa wa saba". Sauti ya dakika 45 ukiibana mpaka kilobiti 32 kwa sekunde inakuja kama MB 11, hiyo hata mwenye simu ya kuazima anaishusha. Video tunaweka pale tu ambapo mkono lazima uonekane, mfano kupima kimo cha mfuko wa uzazi au kufungasha vifaa vya kuzalishia, na hapo zinakuwa za dakika tatu nne.

Pia wekeni kompyuta moja ya kawaida kila chuo na ruta, sio kwa ajili ya intaneti, ni kwa ajili ya wanafunzi kuunganisha simu zao pale pale na kuchota mafaili bila bando. Mnashusha mara moja usiku, asubuhi wanachota mia mbili. Na ile programu ya simu ya Moodle inaruhusu kushusha kozi ukasome nyumbani bila mtandao, wafundisheni hiyo siku ya kwanza kabisa, wengi hawaijui. Vile vishkwambi vilivyotumika sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu wa serikali, sisi wa binafsi tulivisikia redioni tu, kwaiyo usipange mambo kana kwamba kila mtu ana kifaa.

mbeba_boksi_MA

Niko Marekani jimbo la Massachusetts, nafanya kazi ya maktaba, na nimefurahi kuona hii mada maana watu wanadhani huku kila chuo kina hela. Vyuo vidogo huku navyo vinabanana. Hapa nilipo kuna Amherst, Smith, Mount Holyoke, Hampshire na chuo kikuu cha jimbo, wameungana rasmi tangu 1965, mwanafunzi wa chuo kimoja anasoma somo chuo cha jirani na kuna mabasi yanayowazungusha, maktaba nazo zinaazimana vitabu.

Ila nitakayowapa ni ya kusini, maana inafanana na yenu zaidi. Kuna umoja unaitwa Associated Colleges of the South, ni vyuo vidogo vya majimbo tofauti, kutoka kimoja mpaka kingine ni kama Mwanza na Mtwara. Walikuwa na shida ya masomo ya Kigiriki na Kilatini, kila chuo kina mwalimu mmoja au wawili, na hakuna mwalimu mmoja anayeweza kufundisha kila kitu, akistaafu idara inafungwa. Miaka ya 1990 wakaanzisha idara moja ya pamoja kupitia mtandao wakaiita Sunoikisis, neno la Kigiriki cha kale la miji kujiunga kuwa mmoja. Muhadhara mmoja kwa wiki ulikuwa unasikika vyuo vyote, leo anafundisha wa chuo hiki kesho wa kile kutegemea nani kabobea wapi. Baada ya hapo kila mwanafunzi alikuwa anarudi kwa mwalimu wake wa chuoni, wanakaa wachache wanauliza, wanasoma pamoja, na alama anatoa mwalimu wao mwenyewe. Likizo walimu walikuwa wanakutana uso kwa uso kupanga silabasi.

Mmeona walichochangia? Walichangia mwalimu. Na enzi hizo intaneti yao ilikuwa mbovu kuliko hiyo yenu ya radi. Kwaiyo mkuu ningekuwa wewe, huyo wa Famakolojia mwenye chaki tatu ndo seva yenu. Mpeni simu nzuri na maiki ya kubana kwenye kola, hayo mengine yatajipanga.

Chebaibai_254

Salamu kutoka huku Bonde la Ufa. Mi niko Kenya kwa TVET moja, yaani chuo cha ufundi, na hiyo stori ya kompyuta kufunikwa kitambaa imenichekesha juu sisi pia tuko nazo, zetu zimefunikwa na nailoni.

Kwetu kilichosaidia sana vyuo ni KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, ilianza 1999, wazo likiwa rahisi tu, badala ya kila chuo kuenda kununua intaneti kivyake kwa bei ya rejareja, wote wanashikana wananunua pamoja. Nyinyi Tanzania mnayo ya aina hiyo, TERNET, hebu ulizeni kama vyuo vya kiwango chenu wanachukua, na mkienda mwende kama vyuo vinne, usiende peke yako. Mtu akiona wanafunzi karibu elfu moja anakuskiza, akiona mia mbili anakwambia utapigiwa.

Lakini wacha niseme ukweli, sisi tulijaribu kushirikiana na vyuo vingine viwili kwa masomo ya umeme na ikakufa. Mashine zilikuwa sawa. Shida ilikuwa hatukuandika mahali popote ni nani anafanya nini. Kijana mmoja ndio alikuwa anashughulikia kila kitu na mshahara ni wa chuo chake, bosi wake akauliza "mbona huyu anafanyia watu wengine kazi?" akamtoa. Vile alitoka, pasiwedi ilitoka na yeye. Tulikaa muhula mzima tukibisha mlango wa nyumba yetu wenyewe.

mstaafu_mwenye_chaki

Nimekuwa mkuu wa chuo cha kati miaka mingi, sasa napumzika na kuku wangu. Vijana mmeshauri vizuri, niongeze ambayo hamtaki kuyasema. Hivyo vyuo vinne vinagombea wanafunzi wale wale. Mkuu wa chuo anacheka na wewe kikaoni, moyoni anawaza wanafunzi wangu wakimsikia mwalimu wa fulani si watahamia kwake? Na mwenye huyo mwalimu mzuri anawaza kwanini nimtoe bure wakati yeye ndiye tangazo langu. Hilo msiposema mezani litasemwa gizani. Sisi tulilimaliza kwa fidia, chuo kinachotoa mwalimu kinapunguziwa mchango wake wa fedha, na mwalimu mwenyewe anapata posho ya kipindi, ndogo lakini ya tarehe maalumu. Mali bila daftari hupotea bila habari, andikeni. Karatasi mbili zinatosha, nani analipa kiasi gani na lini, notisi na rekodi ni mali ya nani mwalimu akihama, na chuo kikijitoa kinaondoka na nini.

Lingine. Mkiweka majina, namba za simu na alama za wanachuo wa vyuo vinne sehemu moja, mmeshaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake mnapaswa kujisajili. Jamaa wa chuo B asiweze kuona alama za mtoto wa chuo A. Na alama rasmi za tathmini endelevu ziendelee kukaa kila chuo kwa taratibu za NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, mkaguzi akija asikute mnamuonyesha kategoria ya tano.

fundi_seva

Mzee hapo kwa alama umepiga penyewe, hata mimi sikuwaza. Basi kozi za pamoja wekeni kwizi za kujipima tu, zisizohesabika. Hapo hata seva ikianguka hakuna atakayelia sup (mtihani wa marudio) imemkuta kwa sababu ya mtandao. Na pasiwedi kuu wapewe watu wawili wa vyuo viwili tofauti, afu moja iandikwe kwenye bahasha ifungwe ikae kwenye kabati la mmoja wa wakuu wa vyuo. Ya kizamani lakini inafanya kazi.

mkufunzi_wa_baridi

Wakuu nimerudi, nilikuwa kimya wiki mbili tulikuwa na kikao. Nimechapisha huu uzi mzima nikaenda nao, mzee wa kuku umetusaidia mno, maana nilivyosoma ile ya kugombea wanafunzi watu walicheka kwanza, afu kimya, afu mkuu wa chuo chenye yule wa Famakolojia akasema "hilo ndo lilikuwa langu." Tukalimaliza pale pale, yeye mchango wake ni nusu ya wengine.

Mfumo mkubwa tumeahirisha. Tunaanza na Famakolojia peke yake, muhula mmoja, sauti na PDF kama alivyosema mama ukunga, kila Jumatatu jioni inawekwa, na kila chuo kinateua mkufunzi wa kukaa na wanafunzi baada ya kusikiliza. Moodle tumekodi ndogo. Zile kompyuta 30 tumezifunua, 19 zimewaka, moja ilikuwa na mjusi ndani. Tumegawana, mbili mbili kila chuo ziwe za kuchotea mafaili, nyingine zimebaki pale pale.

Mwalimu mwenyewe kachukua maiki kaiangalia, kasema yeye bila ubao hawezi kuongea. Kwaiyo tumemrekodi akichora, sauti inatoka hivyo hivyo na chaki inasikika inakwaruza, afu ubao tunaupiga picha kila akimaliza mchoro, hizo picha ndo zinakuwa slaidi. Rekodi ya kwanza imeshushwa na watu wengi kuliko nilivyotegemea, mpaka wa chuo ambacho hakimo kwenye mpango wetu walikuwa nayo wasapu siku hiyo hiyo.

Sasa kimebaki kitu kimoja kinatuumiza kichwa, ratiba. Sisi Jumatano wanafunzi wako wodini, wenzetu wako wodini Alhamisi, na wale wa nne hospitali inawapangia inavyotaka yenyewe. Hicho kipindi cha majadiliano tunakiweka lini?

mama_ukunga

Msikiweke siku moja. Kila chuo siku yake, ila wote wamalize kabla ya Jumatatu rekodi mpya haijatoka. Na huyo mwalimu mwambieni asiache chaki, hiyo kelele wanafunzi wangu wanasema inawaamsha.

Hiyo ya mfumo wa mishipa ya fahamu ikitoka nirushie na mimi.