Jason Molina kwa dakika 90: nianzie wapi, na Songs: Ohia ndiyo hiyo hiyo Magnolia Electric Co.?

Darini_Langoni
Assalaam alaykum wanajamvi. Kuna kikao cha kusikiliza muziki darini, Langoni hapa Lamu, baada ya isha. Watu kama 12, spika mbili ndogo. Mada ni Jason Molina, mwimbaji na mtunzi wa Marekani aliyetoa albamu kwa majina ya Songs: Ohia na Magnolia Electric Co., na wengi wao masikio yao yamelelewa na udi wa Zein l'Abdin. Kinachonitatiza ni majina: albamu ya 2003 programu moja inaiweka chini ya Songs: Ohia, nyingine inasema Magnolia Electric Co. Ipi sahihi? Na nipange kwa kufuata miaka? Halafu kuna kijana atapiga wimbo mmoja wa mwanzoni. Molina alipenda gitaa la nyuzi nne, nalo hapa halipatikani.

Santuri_Kuukuu
Waalaykum salaam. Utata kauleta mwenyewe. Songs: Ohia haikuwa bendi ya watu wale wale, ilikuwa ni yeye na yeyote aliyepatikana wakati huo. Julai 2002 aliingia studio ya Electrical Audio, Chicago, fundi Steve Albini akirekodi, wanamuziki tele wakipiga kwa pamoja. Iliyotoka humo, 2003, ikaitwa Magnolia Electric Co., kisha jina hilo hilo akaipa bendi mpya. Lebo yake, Secretly Canadian, inaihesabu kuwa ya Songs: Ohia. Iweke huko, lakini waambie wageni kwamba hapo ndipo mlango ulipogeukia.

Miaka usiifuate. Ukianza na albamu ya 1997, gitaa kavu na sauti inayotetemeka, nusu ya watu watakuwa kwenye simu zao kabla ya kahawa kuzunguka. Fungua na "Farewell Transmission", wimbo wa kwanza wa ile ya 2003, zaidi ya dakika 7. Ndipo urudi nyuma: kitu kimoja kutoka The Lioness (2000, iliyorekodiwa Scotland na watu wa bendi ya Arab Strap), halafu kaa sana kwenye Didn't It Rain (2002). Hiyo ndiyo itakayowashika watu wa udi: mwendo wa taratibu, mstari mmoja unarudiwa hadi ubadilike maana, na kimya kinaachwa kifanye kazi yake. Albamu ya Ghost Tropic ni nzuri mno, ila ina nyimbo mbili zinazopita dakika 10 kila moja. Iache kwa siku nyingine.

Baadaye ingia kwa bendi mpya: What Comes After the Blues (2005), na umalizie na Josephine (2009). Sojourner (2007) ni kasha la CD nne. Ukijaribu kuligusa lote utapotea. Tahadhari moja: kwenye ile ya 2003 kuna nyimbo mbili asizoimba yeye. Moja kaimba Lawrence Peters, nyingine Scout Niblett. Usipotangaza, mtu atauliza katikati ya wimbo.

Alifariki Indianapolis 16 Machi 2013, miaka 39, mwili umekwisha kwa pombe. Liseme hilo mara moja, basi. Kikao kisigeuke matanga.

Bi_Shela
Naongezea kwa Josephine: kabla hujaicheza sema kwamba Evan Farrell, mpiga besi wa bendi, alifariki Desemba 2007, na albamu ikatolewa kwa kumbukumbu yake. Bila hivyo watu watadhani ni mapenzi tu.

Fundi_Nyuzi_Mlnd
Kwa kijana. Gitaa la nyuzi nne kwa kawaida hutiwa C, G, D, A. Asijaribu kuupandisha uzi wa kwanza wa gitaa la kawaida kutoka E hadi A; utakatika, na ukikatika utamchapa mkono. Afanye hivi: atoe uzi wa 6 na wa 3. Wa 5 aushushe kutoka A hadi G. Wa 4 ubaki D. Wa 2 aushushe kutoka B hadi A. Wa 1 ubaki E. Sasa ana G, D, A, E. Akibana kapo (kibano cha shingoni kinachozikaza nyuzi zote) kwenye fret ya 5, yaani kile kijiti cha tano cha chuma shingoni, anapata C, G, D, A kamili. Katikati patakuwa na pengo pale ulipotoka uzi wa 3, kwa hiyo asikwanyue kwa nguvu. Apige kwa kidole gumba. Shingo ikilegezwa nyuzi mbili hunyooka kidogo na sauti huanza kukwaruza, basi afanye haya siku moja kabla, si saa moja kabla.

Spika: darini hakuna kuta za kurudisha besi, na Molina bila besi anabaki mwembamba. Ziegemeze kwenye ukuta wa ukingo, mgongo kwa upepo. Tumia waya, si bluetooth. Zima ile kazi ya programu ya kuunganisha wimbo na wimbo, maana nyimbo zake huisha kwa mwangwi wa chumba na utaukata. Zima pia ya kusawazisha sauti, la sivyo gitaa moja litanguruma sawa na bendi nzima. Pima sauti kwa "Farewell Transmission", kisha usiguse kitufe.

Darini_Langoni
Shukran sana. Gitaa lake ni la nyuzi za nailoni, inafaa?

Fundi_Nyuzi_Mlnd
Inafaa, ila ule wa 5 ukishushwa utalegea na kugonga fret. Auache A, na zote ziwe hatua moja juu ya zile nilizosema: wa 4 aupandishe hadi E, wa 2 ubaki B, wa 1 aupandishe hadi F kali (F#). Anapata A, E, B, F kali. Kapo ihamie fret ya 3.