Wajukuu wa Muheza

*Jumatano*

Da Mkubwa, 20:04: Asalaam alaykum wote. Jumamosi saa 4 asubuhi kwa Bibi, tunadabu kanda za Babu. Zipo 6, zote C90. Dakika 45 kila upande, jumla saa 9 za kucheza. Hazikimbizwi: deki ikidabu kwa kasi, sauti nyembamba hupotea. Nani anakuja?

Zuhura, 20:31: Naleta maiki na blanketi 3 za kuua mwangwi. Kiswahili anasoma nani?

Da Mkubwa, 20:33: Kiswahili gani? Tunanakili.

Zuhura, 20:35: Kudabu ni kuweka sauti nyingine, Da. Watoto hawasikii Kibondei cha Babu.

Binamu Mifugo, 20:40: Mie nikajua jogoo wa Bibi anakatwa upanga wa kichwani 😂 Kwa kuku ndiyo dabing hiyo, kifaranga wa siku 1, mkasi mdogo.

Mwalimu, 20:52: Hayo ni maneno mawili. La kanda na filamu ni kifupi cha "double", lilikuja filamu zilipoanza kusema, mwisho wa miaka ya 1920. La kuku ni la kale, Kifaransa "adober", kumvika mtu silaha, kumtayarisha. Mfalme wa Uingereza anapomgusa mtu mabega kwa upanga ni hilohilo. Hata mafuta ya kulainisha ngozi ya viatu.

Anko Muscat, 20:55: Jamaika je? King Tubby, fundi sauti wa rege, alidabu kwa kumwondoa mwimbaji, akabakiza besi na ngoma!

Da Mkubwa, 20:57: Jamani, kanda. Hedi ya deki, ile inayogusa utepe, isafishwe kwa spiriti na pamba. Kila kanda ipelekwe mbele hadi mwisho, irudishwe, ndipo ichezwe, maana imelala miaka. Waya uingie tundu la laini, siyo la maiki, sauti itapasuka. Rekodini kwa 48 kHz, biti 24, kilele cha sauti kisizidi desibeli -6.

Kaka Fundi, 21:10: Deki ipo. Vunjeni vibanzi 2 vya plastiki mgongoni mwa kila kanda. Vikiwepo, ukikosea ukabonyeza REC, kitufe cha kurekodi, imefutika.

Mama Zuhura, 21:12: Kama ya harusi yangu. Mpira juu ya taarabu.

Kaka Fundi, 21:13: Shangazi, tuliomba radhi.

Mama Zuhura, 21:13: Nani aliomba?

Anko Muscat, 21:15: Mpira wenyewe uliishaje? 😂

Zuhura, 21:40: Hakuna picha, kwa hiyo hatuhangaiki na midomo kufunga kwenye m, b, p. Babu asikike peke yake sekunde 3, ashushwe desibeli 15, Kiswahili kiingie juu.

*Alhamisi*

Mama Zuhura, 06:20: Bibi anasema niandike hivi: "Nimesomewa yote. Sauti ya babu yenu haifunikwi. Nakilini. Kibondei njooni niwaeleze mwenyewe, ningali hai."

Zuhura, 06:48: Ndiyo Bibi.

Mwalimu, 07:05: Ndiyo Bibi.

Da Mkubwa, 07:06: Tumesikia Bibi. Faili ghafi haliguswi. Maelezo ya Bibi tutayarekodi kwenye faili lake. Kwa hiyo Jumamosi ni mimi na Fundi tu? Wengine 11 mmesoma mkanyamaza.

Binamu Mifugo, 12:30: Jumamosi nachanja kuku. Jumapili?

Kaka Fundi, 13:02: Kwangu sawa. Kanda ya 4 inasikika kama imezibwa, nitazungusha skrubu ya hedi hadi "s" za Babu zikae wazi. Ya 5 kile kisponji cha kubana utepe kimedondoka. Nahitaji ganda la kanda nyingine.

Da Mkubwa, 13:03: Nani ana kanda mbovu ya ganda la skrubu? Siyo ya kugundishwa.