Chuo nilichoomba mapema kimeniweka kiporo hadi Machi, na nyumbani walishaanza kusherehekea

Binti_Kisauni
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Minnesota, wazazi wangu wametoka Mombasa. Novemba niliomba chuo kimoja cha Boston kwa ule utaratibu wa mapema wa kujifunga: wakikuchukua unakwenda, vingine vyote unaviacha. Majibu yametoka juzi jioni. Hawakunikubali wala hawakunikataa. Wanasema watanitazama upya pamoja na waombaji wa kawaida, niwasubiri mwisho wa Machi.

Mama alishatangaza kwenye grupu la ukoo. Bibi kila akipiga simu ni "mjukuu wangu, ushapita?" Rafiki yangu ninayekaa naye darasani kachukuliwa chuo hichohicho, leo kaja na fulana yao. Maombi ya vyuo vingine nimeyaacha nusunusu, mengi mwisho wake ni tarehe 1 Januari, na nikifungua kompyuta naona nitakataliwa tu. Nifanyeje?

Mpwani_Ughaibuni
Pole sana mdogo wangu. Leo usiandike insha yoyote. Kula, lala, kesho ndiyo ufungue hiyo kompyuta.

Dogo_wa_Dar
Huku kwetu TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, wana awamu za kuomba chuo. Ya kwanza nilikosa, mtaa mzima ukajua. Ya pili nikapata, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza tena 😂

Kaka_Minneapolis
Dada, soma tena hiyo barua taratibu. Wangekukataa, mlango wa chuo hicho ungekuwa umefungwa kwa msimu huu. Kiporo maana yake bado umo. Halafu kuna jambo ambalo sidhani kama umelitazama: kile kifungo kimekwisha. Wakikuchukua Machi, utaweka barua yao ya msaada wa ada kando ya za vyuo vingine, ulinganishe, uamue kabla ya tarehe 1 Mei. Rafiki yako na fulana yake hana nafasi hiyo, labda msaada waliompa usitoshe kabisa ndipo aombe kuachiliwa.

Kama chuo kinaruhusu, waandikie barua fupi, isifike hata ukurasa. Sema bado unakitaka, na utaje kipya kilichotokea tangu Novemba. Yaliyomo kwenye maombi usiyarudie. "Mkinichukua nakuja" liandike ikiwa ni kweli tu. Mshauri wa shule apeleke maksi za nusu mwaka zikitoka. Usiwatumie barua za sifa kutoka kwa imamu, kocha na jirani, hawakuziomba.

Na hapo jimboni kwako kuna North Star Promise, mpango wa jimbo wa msaada wa karo, tangu vuli ya 2024. Familia yenye mapato ya chini ya dola 80,000 hailipi karo kwenye vyuo vya umma vya Minnesota, Chuo Kikuu cha Minnesota kikiwemo. Chumba na chakula ni juu yenu.

Mzee_Likoni
Mbona asijifunge tena? Kuna vyuo vina duru ya pili ya mapema, unaomba Januari, Februari una jibu. Roho ikatulia.

Kaka_Minneapolis
Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Duru hiyo ni ya mwenye chuo cha pili anachokipenda kwelikweli, na ambaye nyumbani wameshapiga hesabu kwa kile kikokotoo cha gharama kilichoko kwenye tovuti ya kila chuo. Kujifunga kwa sababu umechoka kuulizwa na ukoo ni kununua kwa hasira.

Mzee_Likoni
Haya. Lakini miezi mitatu ya kungoja nayo ni mingi kwa mtoto.

Mama_Wawili
Mwanangu, niko upande wa mama yako maana nami nilitangaza ya mwanangu mapema, tena na picha. Mwambie aandike kwenye grupu: "Majibu ya vyuo yanakamilika mwezi wa nne, tutawajulisha." Basi, asijieleze zaidi. Bibi mpigie wewe mwenyewe. Akisikia sauti yako imetulia hatauliza mengi.

Binti_Kisauni
Ahsanteni nyote. Bibi nimempigia, kaniuliza kama Boston kuna baridi kuliko huku, tukacheka. Maombi ya chuo kikuu cha jimbo nimeanza kuyamalizia. Ila Kaka, mama ni muuguzi na mwaka huu amefanya ovataimu nyingi mno, nahofia tumeipita hiyo 80,000.

Kaka_Minneapolis
Ya mwaka huu hayahesabiki kwako. FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa ada, kwa anayeanza vuli ijayo inatumia mapato ya mwaka jana, na hao wa jimbo wanatazama humohumo. Mwambie mama atoe karatasi zake za kodi za mwaka jana, mkae mezani mjaze fomu pamoja kabla hajaingia zamu ya usiku.